Bei Aliyoitaka Oriokot

Upande wa Amukura, mtu aliyetaka kununua ng'ombe, kipande cha shamba au hata kitanda, alimtafuta kwanza Callistus Oriokot. Hakuwa tajiri. Alikuwa na duka la sukari, chumvi na mafuta ya taa karibu na soko, lakini sifa yake haikutoka dukani. Ilitoka mdomoni. Oriokot alijua kupatana bei. Katika vikao vya mahari alikaa upande wa waoaji, na wenye binti walipomwona akiingia uani walianza kunung'unika kabla hajaketi, maana walijua ng'ombe kadhaa wamekwisha kupotea.

Mwaka wa sabini na saba aliamua kununua gari. Alikuwa amechoka kuleta mizigo ya duka kutoka Busia juu ya malori ya watu, na kuendesha alijua tangu ujana wake, alipokuwa dereva wa lori la pamba. Aliuza maksai, akatoa akiba yake yote, na mkewe Naliaka akamshonea mfuko ndani ya koti.

"Usirudi bila gari," Naliaka alimwambia, "na usirudi bila pesa."

"Nitarudi na vyote viwili," alisema Oriokot, na wote wawili wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli tupu.

Siku hizo Busia ilikuwa imejaa magari yenye namba za Uganda. Watu walikuwa wakivuka mpaka kila wiki, wakikimbia utawala wa kule. Wengine walipita maporini kwa miguu. Wengine walivuka na magari yao wakisema wanaenda matanga, wasirudi tena. Chakula kilipowaishia, gari liliuzwa. Dalali mmoja aliyeitwa Okal alikuwa amezungushia mabati uwanja nyuma ya kituo cha petroli, na hapo aliwauzia magari yao. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, taulo shingoni wakati wote kwa ajili ya jasho, na kila mtu kwake alikuwa boss.

Oriokot alifika pale asubuhi na fundi kutoka Malaba, Mteso mwenzake, jina lake Echodu. Hakumaliza hata kuyazunguka magari. Alisimama mbele ya Peugeot 404 nyeupe, ile ndefu ya kubeba familia, na moyo wake ukatulia hapo. Uso hakuuacha useme chochote. Kando ya gari palikuwa na mwanamume mwembamba aliyekunja suruali hadi magotini, akifuta vioo kwa kitambaa. Shati lake lilikuwa limewahi kuwa zuri.

"Huyu ni nani?" Oriokot aliuliza.

"Huyu? Ni wa kuosha tu, boss," Okal alijibu.

"Wewe, fungua boneti."

Mwoshaji akafungua. Echodu aliinama, akawasha injini, akasikiliza, akazima, akawasha tena. Kisha akasema polepole kwa Kiteso, ili Okal asielewe, "Hii ni nzima kabisa. Mwenyewe alikuwa anaipenda."

Oriokot naye aliinama kama anayekagua betri, akajibu kwa Kiteso hicho hicho, "Tikisa kichwa. Guna kidogo. Halafu useme kwa Kiswahili kwamba imechoka."

Echodu hakuwa na kipaji cha uongo. Alitikisa kichwa, akaguna, akasema, "Hii injini... imechoka choka." Kitambaa cha mwoshaji kilisimama juu ya kioo kwa muda mfupi, kisha kikaendelea. Oriokot alimlipa fundi ujira wake, naye akaenda kutafuta gari la kurudi Malaba.

Sasa kazi ikaanza. Madereva wa malori na matanboi, vijana wao wa mizigo, waliokuwa wakingoja karatasi zao za forodha walisogea, wakaegemea mabati. Kupatana kwa watu wazima ni mchezo mzuri kuutazama.

Okal alitaka elfu kumi na mbili. Juu ya hapo, alisema, kulikuwa na ada kidogo tu: ya udalali, ya uwanja, ya kuosha, na ya kubadilisha namba za Uganda ziwe za Kenya.

"Okal," Oriokot alisema, "mimi nanunua gari ama nasomesha watoto wako?"

Mabati yalitikisika kwa kicheko. Oriokot aliingia ndani ya gari, akatoka, akaingia tena. Alipiga kiti cha nyuma kwa kiganja. Akainusa hewa kwa sauti ili wote wamsikie.

"Hii ni harufu gani? Njooni mnuse. Mikojo! Mwenye hii gari alikuwa anabeba nini, nguruwe?"

"Boss, hiyo ni kitu kidogo, ni maji na sabuni."

"Si kidogo. Mtu ako na gari kama hii na anaacha watoto wakojoe ndani? Huyo ni mshamba aliyeokota gari. Kama kiti ameweka hivi, injini aliweka namna gani?" Akamgeukia mwoshaji. "Na wewe unaosha nini hapa tangu asubuhi? Harufu hii huisikii?"

"Nitasugua tena, mzee," mwoshaji alisema, macho yake kwenye ndoo.

Bei ilishuka hadi elfu kumi, ada zikabaki. Ilishuka hadi tisa, ada zikabaki. Ndipo Oriokot alipofanya jambo alilolifanya katika minada yote ya ng'ombe. Alifunga koti, akasema asante, akaanza kwenda kwenye lango bila haraka. Karibu na lango aligeuka kidogo, kama mtu anayeangalia kama ameangusha kitu. Alitaka kuona uso wa Okal. Okal alikuwa anajipangusa jasho. Aliyekuwa ameshtuka alikuwa mwoshaji. Alikuwa amesimama wima, kitambaa kinadondosha maji juu ya miguu yake, akimtazama Okal kama mtu anayeomba.

Oriokot aliona, wala hakujiuliza sababu. Alichosoma ni kwamba katika uwanja ule kulikuwa na mtu ambaye kwake lazima gari liuzwe leo. Labda Okal alikuwa na deni mahali, na hata kibarua wake analijua. Njaa ya muuzaji aliijua hata ikiwa imefichwa vipi. Akarudi.

"Elfu saba," alisema. "Na ada, hakuna hata senti. Hapo nikitoka sirudi."

Okal aliinua mikono, akawaita madereva wawe mashahidi kwamba ameuawa mchana. Akaenda kando, akainamiana na mwoshaji kana kwamba anamtuma kitu, akarudi akitikisa kichwa.

"Chukua, boss. Umenimaliza. Ada zote nimefuta."

Watu walipiga makofi. Tanboi mmoja alimshika Oriokot mkono akamwambia, "Mzee, wewe ungepewa kazi ya serikali." Pesa zikatoka mfukoni, karatasi zikawekwa sahihi, ufunguo ukawa wake. Kabla ya kuondoka alimpa mwoshaji shilingi. "Kunywa soda," alimwambia. Yule mtu aliitazama ile shilingi kwanza, kisha akaipokea kwa mikono miwili.

Oriokot alivuka barabara, akanywa chai na mandazi, akaifurahia nafsi yake. Ndipo akakumbuka kwamba hakupewa jeki. Akarudi uwanjani. Watazamaji walikuwa wametawanyika. Alipolikaribia gari lake alisikia sauti za watu wawili upande wa pili, naye akasimama.

"Ya udalali nimetoa," Okal alikuwa anasema. "Ya uwanja nimetoa. Ya kuosha nimetoa."

"Lakini nimeosha mimi mwenyewe."

"Ndoo ni ya nani? Maji ni ya nani?"

"Okal, ulimwambia yule mzee kwamba ada umezifuta."

"Nilifuta kwake. Sikufuta kwako. Mimi nitakula nini? Na bei uliikubali mwenyewe, nilikuuliza sikioni. Pia mimi ndiye nilikuficha. Wangejua wewe ni mkimbizi na gari ni yako, wangekukamua zaidi ya hapo."

Oriokot hakusogea. Alitaka kuondoka kwa vidole vya miguu, lakini mlango mdogo wa mabati ukafunguka, akaingia mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na wengine wawili wakimfuata, msichana na mvulana mdogo. Mwanamke hakumwona. Alifungua mlango wa nyuma wa Peugeot bila kuangalia kitasa, kama mtu afunguavyo mlango wa jikoni kwake. Akaanza kutoa vitu chini ya kiti: blanketi, sufuria yenye masizi, taa ya chemni, viatu vya kanisani vilivyofungwa kwa kamba, na gunia lililokunjwa ambalo lilikuwa bado na unyevu. Ndilo watoto walilotandikiwa usiku walipolala garini.

Msichana ndiye aliyemwona Oriokot. Alipiga goti kidogo kama watoto waliolelewa vizuri, akasema, "Yoga, papa."

Ilikuwa salamu ya Kiteso. Ilikuwa salamu ambayo watoto wake mwenyewe walimsalimia kila jioni. Mwoshaji alikuwa ametokea nyuma ya gari, noti zake mkononi, naye alimtazama bila hasira wala mshangao. Mteso. Yule mtu alikuwa Mteso. Kila alichomwambia fundi juu ya injini, alikuwa amekielewa chote huku akifuta kioo. Na mikojo, na nguruwe, na mshamba, hayo yalisemwa kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya soko.

"Nilikuja kuchukua jeki," Oriokot alisema.

"Iko chini ya gurudumu la akiba," yule mtu alijibu. "Nitakutolea." Akaitoa, akaipangusa kwa kitambaa, akampa.

Kisha familia ikabeba mizigo yake, ikatoka kwa mlango mdogo, kuelekea stendi ya mabasi. Oriokot aliketi nyuma ya usukani. Uso ulikuwa unamwaka kama aliyepigwa makofi mbele ya wakwe zake. Alijiambia kwamba biashara ni biashara, kwamba hakujua, kwamba aliyedanganya ni Okal. Yote yalikuwa kweli, na hakuna lililomsaidia. Aliondoa gari, akawafuata.

Aliwakuta wameketi juu ya mizigo yao. Basi la Kisumu lilikuwa limejaa na kuondoka. Oriokot alishuka, akamwendea yule mwanamume, akamsalimu kwa Kiteso, akamwuliza jina.

"Ojakol. Natoka Soroti. Nilikuwa daktari wa mifugo. Huyu ni mke wangu, Ayoo."

"Ndugu Ojakol, chukua hii." Alikuwa amekwisha kutenga noti ndani ya koti, nyingi, akazisogeza chini chini ili watu wasione. "Sikujua kwamba ni yako. Yale maneno niliyosema..."

"Nilisikia yote. Ya fundi wako pia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mshamba wa mikojo ni mimi?" Ojakol alisema polepole, mtoto wake wa kiume akiwa amemwegemea gotini. "Ndugu ya mke wangu alikuwa mwanajeshi kule. Walimchukua, hakurudi. Halafu wakaanza kuuliza dada yake ameolewa wapi. Tukavuka. Jana watu wawili walikuja hapa Busia wakiuliza juu ya gari lenye namba yangu. Lazima ningeliuza leo, kwa bei yoyote. Wewe uliliona hilo, pale langoni. Uko na jicho."

Oriokot alikuwa amesifiwa jicho lake maisha yake yote. Hii ilikuwa mara ya kwanza alitamani lingekuwa bovu.

"Basi chukua hizi. Ni haki yako."

Ojakol alizitazama zile noti. Ilionekana wazi kwamba alizihitaji. Kisha akaurudisha mkono wa Oriokot taratibu, kama mtu anayemrudishia mgeni kikombe.

"Tulipatana," alisema. "Bei ilikuwa kule ndani, mbele ya watu. Kule ndiko ungenipa. Hapa stendi hiyo ni sadaka. Mimi nimeacha nyumba, nimeacha kazi, leo nimeacha gari. Usininyang'anye na hicho kilichobaki, watoto wangu wakiona."

Oriokot, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya mtu yeyote, alisimama pale na noti mkononi. Wanawake wauza ndizi walikuwa wameanza kuangalia. Alizirudisha mfukoni kama mwizi.

Aliyemwokoa alikuwa Ayoo. Alikuwa wa kabila la Walango, na Kiteso chake kilikuwa cha kuolewa, kwa hivyo alisema kwa Kiswahili.

"Mzee, sisi tunaenda Kisumu. Iko watu wa kanisa wanatungojea huko. Kama gari yako inafanya kazi, tubebe. Tutalipa."

"Nitawapeleka, mama. Bila nauli."

"Basi tutangoja basi la kesho."

"Shilingi moja, basi. Ya kila mtu."

"Basi inachukua ngapi? Hiyo ndiyo tutalipa. Na mizigo pia."

"Mama, tafadhali, nusu."

"Hapana."

Ndivyo Oriokot alivyopatana bei mara ya pili siku hiyo, akivuta kushuka na mwanamke mkimbizi akivuta kupanda, na alishindwa. Ayoo alifungua fundo la leso yake, akamhesabia nauli kamili kiganjani, na Oriokot akaipokea kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Watoto waliingia bila kuambiwa. Kila mmoja alienda mahali pake, msichana dirishani, mvulana katikati. Ojakol alizunguka kwenda mlango wa dereva, akasimama, akarudi upande wa pili. Safari ikaanza. Walipita Mundika, wakapita Bumala. Kwenye mlima wa kabla ya Ugunja, Oriokot alipobadilisha gia, aliona mguu wa Ojakol ukikanyaga sakafu, mahali ambapo hapakuwa na pedali.

"Ya tatu usiivute kwa nguvu," Ojakol alisema hatimaye. "Ibembeleze." Oriokot akaibembeleza, ikaingia.

Walipokaribia Luanda mvulana alikuwa amelala. Mara Ayoo akasema "Uuwi!" kwa sauti ndogo, akamnyanyua mtoto, lakini alikuwa amechelewa. Kiti kilikuwa kimelowa. Ayoo alitoa kitenge alichojifunga juu ya gauni, akaanza kukausha haraka haraka, akisema pole mzee, pole sana mzee, ni baridi ya usiku inamsumbua, hakuwa hivi nyumbani.

"Wacha, mama," Oriokot alisema. "Si kitu. Wacha tu."

"Hapana. Hii si gari yetu."

Aliendelea kusugua mpaka Maseno. Oriokot alishika usukani kwa mikono yote miwili, macho mbele. Ojakol alitazama nje kwa dirisha lake. Hakuna mwanamume kati yao aliyeweza kumtazama mwenzake.

Kisumu aliwashusha mbele ya uzio wa kanisa waliloelekezwa. Ojakol alishusha mizigo. Kisha, kwa mazoea, akaanza kuzunguka gari akigonga matairi kwa ncha ya kiatu, moja, la pili, akakumbuka, akaacha. Alimpa Oriokot mkono.

"Oili imekaribia kubadilishwa," alisema. "Usicheleweshe."

Oriokot alingojea aongeze neno. Hakuongeza. Familia iliingia ndani ya uzio, na lango likafungwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Jua lilikuwa linakwenda kutua alipoingia Amukura. Habari zilikuwa zimemtangulia kwamba ameenda kununua gari, na watu walikuwa wamejaa uani. Watoto walilikimbilia, wanawake wakapiga vigelegele. Jirani yake Okwara, ambaye Oriokot alikuwa amemwozea wana wawili kwa mdomo wake, alikuja akikunja mikono ya shati kama anayetaka kula.

"Haya tuambie. Walitaka ngapi, ukawanyonga kwa ngapi? Na usiruke kitu, anza na salamu!"

Watu wakasogea. Walikuwa wanangoja hadithi, na Oriokot alikuwa nayo, tena nzuri kuliko zote alizowahi kuwasimulia: harufu, lango, kugeuka, makofi ya madereva. Ilikuwa tayari ulimini.

"Walitaka elfu kumi na mbili," alisema. "Nikawapa."

"Elfu kumi na mbili? Na ada za madalali je?"

"Nililipa."

"Zote?"

"Zote."

Mtu mmoja alicheka, kisha wa pili, kisha uwanja wote. Okwara alishika kichwa. "Jamani! Ndume wetu wa mahari wamemkamua Busia kama ng'ombe wa maziwa!" Walicheka mpaka wakakaa chini. Oriokot alisimama kando ya gari, akawaacha wacheke. Mwezi uliofuata Okwara alipomwoza mwanawe wa tatu, alichukua msemaji mwingine kutoka Malaba, na hakujisumbua kuomba radhi.

Lakini jioni hiyo Naliaka hakuwa amecheka. Alikuwa amepokea koti la mumewe, na mfuko aliushona kwa mkono wake mwenyewe. Watu walipoondoka alimfuata jikoni, akaweka koti juu ya stuli kati yao.

"Pesa imebaki nyingi," alisema. "Umewadanganya watu kwa nini?"

Oriokot alimweleza. Hakuficha nguruwe, hakuficha mshamba, hakuficha shilingi ya soda wala nauli aliyopokea. Alisema akiwa ameangalia moto. Naliaka alisikiliza mpaka mwisho, chungu kikichemka bila mtu kukigusa. Oriokot alitegemea kukaripiwa, na angeshukuru.

"Huyo wa mgongoni," Naliaka aliuliza, "alikuwa wa miezi mingapi?"

Oriokot alifikiri. Alijaribu kumwona yule mtoto, kichwa chake, mkono, chochote. Hakujua. Kutoka Busia mpaka Kisumu hakuwa amegeuka hata mara moja kuangalia nyuma.